Snachi na klini endi jeki: rekebisha fomu (namna ya kunyanyua) kwanza, plati zitafuata

Kabla hujaendelea kusoma, kuna kitu nataka ukakiangalie kwa macho yako. Asubuhi nenda kwenye bomba la maji la mtaani, mimi nimekulia Bombo hapa Uganda lakini ata Katwe, ata Bwaise kule Kampala, popote pale, alafu mwangalie msichana anayejitwisha jerikani ya lita 20 peke yake bila mtu wa kumtwisha. Havuti kwa mikono. Anakunja magoti, anaishika, jerikani inapanda ikimgusa miguu njia nzima, ikifika pajani anaipiga na paja, na ile nusu sekunde ambayo jerikani imekuwa nyepesi yeye ndio anaingia chini yake, inatua kwenye ngata na maji hayamwagiki. Jerikani ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Chuma cha wanaume cha mashindano, yaani ule mti mrefu wa kushika, kikiwa kitupu, bila plati (sahani za uzito za pembeni) ata moja, ni kilo 20 hizo hizo, cha wanawake ni 15.

Yale aliyofanya yule msichana ndio mchezo wenyewe wa kunyanyua vyuma: snachi ni kupandisha chuma toka sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, klini endi jeki ni kwa miwili, klini mpaka mabegani, alafu jeki juu ya kichwa. Mzigo ukae karibu na mwili, miguu ndio ifanye kazi, alafu uingie chini ya mzigo badala ya kuusubiri upande mpaka juu. Nimekaa jim miaka mingi na vijana wengi wamepita mikononi mwangu, na kosa linalorudi kila wiki ni moja tu: kijana ana nguvu kweli kweli, amelima, amepakia mikungu ya matoke kwenye lori, lakini akishika chuma anakivuta na mikono, kinamkimbia mbele, yeye anakikimbiza. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo hivyo, nilikuwa jim fulani ambapo aliyekuwa anatusimamia neno lake lilikuwa ongeza, ongeza, nikafika snachi ya kilo 60 kwa nguvu za mikono tu na siku moja chuma kikaenda mbele, nikakifuata, bega la kulia likaniuma miezi minne, ata kuvaa shati ilikuwa kazi. Ndio maana naandika haya kwa urefu, sitaki mtu mwingine apitie huko.

Hatua ya 1: chuma, sakafu na viatu

Plati za mashindano zile kubwa zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya chuma panakuwa sentimita 22 na nusu kutoka chini. Sasa jim zetu nyingi zina plati ndogo za chuma, ukiweka plati ya kilo 10 ya kawaida chuma kinakaa chini sana, karibu na vifundo vya miguu, na hapo hakuna mtu anaweza kuanza na mgongo ulionyooka. Usilazimishe. Tafuta vipande viwili vya mbao nene au tairi mbili za gari zilizolingana, weka plati juu yake mpaka chuma kifike ule urefu, pima na rula, ni kazi ya dakika tano tu na itakuokoa mgongo.

Chuma chenyewe, angalia kama ncha zake zinazunguka. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kukutengenezea plati nzuri sana lakini chuma cha snachi ni kitu kingine. Shika chuma katikati na mkono mmoja, mwenzako azungushe plati, kama kiganja chako kinataka kugeuka pamoja na plati basi hicho si chuma cha snachi wala klini, kwa sababu ukigeuza mikono haraka zile plati zitaendelea kuzunguka na kifundo cha mkono ndio kitalipa. Kitumie kwa skwati (kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani), kwa kuvuta, kwa mazoezi ya polepole.

Viatu: vile vya kukimbilia vyenye soli laini kama godoro viache mlangoni. Unasukuma ardhi na kiatu kinakula nguvu yako, pia kinayumba. Viatu vya mchezo huu vina kisigino kigumu kilichoinuka kama sentimita 2, ukipata vya mtumba pale soko la Owino vya saizi yako chukua bila kufikiria mara mbili. Ukikosa, kiatu chochote cha soli ngumu iliyo bapa kinatosha kuanzia. Na chaki, nunua ile ya magnesiamu, chaki ya shule ya kuandikia ubaoni sio kitu kile kile, inateleza.

Hatua ya 2: mwili ufunguke

Chukua mpini wa jembe au mti wa fagio. Shika kwa upana, uinue juu ya kichwa mikono imenyooka, alafu chuchumaa mpaka chini kabisa visigino vikiwa sakafuni. Kaa hapo sekunde 30. Kama mpini unaenda mbele, kama visigino vinainuka, kama kifua kinaanguka, basi bado hujawa tayari kwa snachi kamili na wala sio aibu, ni habari tu ya wapi pa kufanyia kazi.

Visigino kuinuka mara nyingi ni vifundo vya miguu. Weka mguu umbali wa kama sentimita 10 kutoka ukutani, pima na ngumi, alafu peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuondoka. Likishindwa, fanya hiyo hiyo kila siku, mara 15 kila mguu, hiyo hiyo ndio dawa. Watu wetu wa kijijini waliozoea kuchuchumaa toka utoto hawana shida hii kabisa, shida iko kwetu tuliokaa kwenye viti na kwenye boda siku nzima. Mabega nayo, pitisha mpini kutoka mbele hadi nyuma ya mgongo mikono imenyooka, anza kwa upana mkubwa, punguza kidogo kidogo wiki kwa wiki.

Hatua ya 3: kushika

Kidole gumba kinaingia ndani, chini ya vidole vingine, vidole viwili vinakifunga juu yake. Inauma. Wiki mbili za kwanza inauma vizuri tu, funga plasta kwenye dole gumba kama ngozi inachubuka, baadaye utasahau kwamba kuna njia nyingine ya kushika. Bila hivyo chuma kikishika spidi kitakutoka mkononi, au utakikaza kwa nguvu zote, na mkono ukikazwa kiwiko kinakunjika mapema, na kiwiko kikikunjika mapema miguu imeshapoteza kazi yake.

Upana wa snachi: simama wima mikono imelegea, chuma kiangukie kwenye mkunjo wa paja na kiuno, pale mguu unapokunjikia. Nyanyua goti moja kama unapanda ngazi, chuma kisisogee sana. Hapo ndio pako. Weka alama ya tepu kama chuma hakina mistari. Klini ni nyembamba zaidi, mikono inakaa nje kidogo ya mapaja, dole gumba likinyooshwa liguse paja.

Hatua ya 4: jifunze toka juu kuja chini

Hapa ndipo nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo fomu inapozaliwa. Watu wengi wanaanza sakafuni kwa vile kwenye vidio za mashindano chuma kinaanza sakafuni, lakini sakafuni ndio mahali pagumu kuliko pote, makosa yote ya pale yanakufuata mpaka juu. Anza mahali ambapo chuma kinarushwa, kwenye kiuno, alafu teremka.

Nafasi ya kwanza ni hii: umesimama, chuma kwenye mkunjo wa paja, magoti yamelegea kidogo yakienda mbele, kifua kiko wima, mikono imenyooka kabisa kama kamba za ndoo. Uzito uko kwenye unyayo mzima, usiende vidoleni. Kaa hapo. Sukuma ardhi kana kwamba unataka kuruka juu, magoti na nyonga zinyooke kwa pamoja, mabega yapande kuelekea masikio, na papo hapo miguu ihame kidogo kwenda pembeni na wewe uchuchumae chini ya chuma, mikono ikikisukuma juu. Mikono haivuti kwanza. Mikono inakuja kufanya kazi wakati unashuka, inakuvuta wewe chini.

Fanya mara 3 mfululizo, hiyo ni seti moja, pumzika, jumla seti 6, chuma kitupu. Wiki mbili. Najua utaona ni kidogo.

Sasa njia ya kujua kama unafanya sawa, ambayo haihitaji kocha wala simu, ni chaki. Vaa suruali au kaptula nyeusi, paka chaki nyingi kwenye chuma sehemu ya katikati, alafu piga snachi tano. Baada ya hapo simama uangalie nguo. Mstari mweupe unatakiwa uwe mmoja, mwembamba, pale kwenye mkunjo wa kiuno. Nilikuwa na kijana mmoja, mwenye nguvu kweli, mikono kama mti wa mvule, alinikatalia mwezi mzima kwamba chuma chake kiko karibu. Tukapaka chaki. Mstari wake ulikuwa katikati ya paja, mpana kama mkono wangu, umefutika futika kuelekea gotini, yaani chuma kilikuwa kinamgonga paja mapema na kurudi mbele badala ya kupanda. Hakusema kitu. Akashusha plati zote akabaki na chuma kitupu, na mwezi uliofuata mstari ukapanda wenyewe, na snachi yake ikapanda nayo bila nguvu kuongezeka ata kidogo. Kwa klini mstari unakuwa chini kidogo, sehemu ya juu ya paja, kwa vile mikono iko karibu karibu na chuma kinaning'inia chini zaidi. Na kama hakuna alama yoyote kwenye nguo basi chuma kinapita mbali na wewe, unakivuta hewani.

Chuma kigusane na mwili lakini usikigonge na kiuno kwa hasira. Wengine wakisikia neno kiuno wanakirusha mbele kama wanacheza ngoma, chuma kinapiga na kuruka mbele, wanakifuata wakiruka. Kinapanda kikipangusa, kama unavyopangusa vumbi kwenye shati.

Ukishazoea kiunoni teremsha chuma mpaka juu kidogo ya goti. Kuteremka kwake: sukuma makalio nyuma, ugoko usimame wima, mabega yatangulie mbele ya chuma, na hapa misuli ya kwapa ndio inakibana chuma kisielee mbele, jifanye unataka kukiingiza mfukoni. Kutoka hapo panda polepole mpaka kwenye ile nafasi ya kiuno, ndipo urushe. Wiki mbili nyingine. Baadaye chini ya goti. Baadaye ndio sakafu.

Hatua ya 5: kutoka sakafuni

Chuma kikae juu ya kamba za viatu, katikati ya unyayo, sio kwenye vidole na sio kwenye ugoko. Miguu upana wa nyonga, vidole vimefunguka kidogo nje. Shuka, shika, kaza mgongo, vuta pumzi iingie tumboni uishike hapo, mabega yawe mbele kidogo ya chuma. Alafu sukuma ardhi. Nasema sukuma ardhi, sisemi vuta chuma, maana ukifikiria kuvuta utatumia mgongo na mikono, ukifikiria kusukuma utatumia mapaja.

Toka sakafuni hadi gotini usiwe na haraka. Kifua na makalio vipande pamoja. Kosa kubwa la hapa ni makalio kukimbilia juu kwanza alafu mgongo unabaki na mzigo wote, ukiona hilo kwenye vidio punguza uzito na ufanye hivi: inua chuma mpaka kwenye goti, simama hapo sekunde 3, ndio umalizie. Hiyo sekunde 3 itakufundisha kuliko maneno yangu. Spidi inakuja baada ya goti, magoti yakishapisha chuma kupita.

Watu wananiuliza chuma kinatakiwa kifike wapi kabla ya kuingia chini. Chini kuliko unavyofikiri. Karlos Nasar wa Bulgaria kule Paris mwaka 2024 alinyanyua klini endi jeki ya kilo 224 kwenye uzito wa kilo 89, na Naim Süleymanoğlu mwaka 1988 pale Seoul alinyanyua kilo 190 akiwa kwenye uzito wa kilo 60, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Hakuna mikono inayoweza kuvuta kilo 190 mpaka shingoni. Chuma kinapanda kidogo, mtu anashuka sana, wanakutana katikati. Kwa hiyo kushuka haraka ni fomu, kufundishwe peke yake: weka chuma kitupu nyuma ya shingo, shika kwa upana wa snachi, alafu dondoka chini huku unanyoosha mikono, bila kukirusha chuma juu. Mara 3, seti 4, kabla ya snachi. Miguu ikitua isikike mlio mmoja, sio miwili.

Hatua ya 6: klini

Yote ya snachi yanabaki, kinachobadilika ni pale chuma kinapotua. Kinatua mabegani, juu ya misuli ya mbele ya bega, karibu na koo, viwiko viko juu vinaangalia mbele. Hakitui mikononi. Kama vifundo vya mikono vinauma kwenye skwati ya mbele (chuma kikiwa mbele ya shingo), mara nyingi ni kwa sababu unakibeba na viganja, legeza, baki na vidole viwili au vitatu tu chini ya chuma, viwiko vipande.

Na usikae kukisubiri kikuangukie. Kutana nacho. Viwiko vizunguke haraka, kwa sababu viwiko vikichelewa vitagusa magoti ukiwa chini, na kwenye mashindano kiwiko kugusa goti au paja klini imekufa, na mbaya zaidi uzito ule ukisimama juu ya mkono uliokwama kwenye goti unaweza kuvunja mkono. Hili silichukulii kwa wepesi. Mtu yeyote ambaye viwiko vyake vinachelewa mimi namrudisha skwati ya mbele, seti 5 za mara 3, anakaa chini sekunde 2 viwiko juu, kila siku ya mazoezi, mpaka iwe tabia.

Hatua ya 7: jeki

Wengi wanaipuuza, wanafika na klini nzuri alafu wanapoteza kila kitu juu. Jeki ni kuzama kidogo na kurusha. Kuzama: magoti yanakunjika, kiwiliwili kinashuka wima kama lifti, sentimita 15 hadi 20, visigino chini. Kifua kikiinama mbele chuma kitaenda mbele, ni hesabu hiyo tu. Simama ukiwa umeegemea ukuta, mgongo na makalio vinaugusa, fanya kuzama mara 10, mgongo uteleze ukutani bila kuachana nao. Nyumbani, bila chuma, ata ukisubiri chai ichemke.

Ukisharusha, unapasua miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, unaingia chini ya chuma. Kujua mguu gani unaenda mbele simama miguu pamoja, mwambie mtu akusukume polepole mgongoni bila kukuambia lini, mguu utakaokimbilia mbele ndio wako. Chora mstari sakafuni na chaki. Mguu wa mbele unatua na ugoko wima, wa nyuma goti limelegea kidogo na kisigino juu, na miguu yote miwili ibaki pembeni ya mstari, kila mmoja upande wake, ukitua kwenye mstari kama unatembea juu ya kamba utayumba. Kurudi: kwanza mguu wa mbele unarudi nusu hatua, alafu wa nyuma unakuja. Ukianza na wa nyuma unatembea kukifuata chuma.

Hatua ya 8: simu

Weka simu pembeni yako kabisa, urefu wa kiuno, hatua tatu au nne, iegemeze kwenye jerikani au kwenye benchi. Sio chini sakafuni maana kutoka chini kila kitu kinaonekana kimepanda. Rekodi, alafu icheze polepole na macho yako yakae kwenye ncha ya chuma tu, usiangalie sura yako wala misuli. Ncha inatakiwa ipande ikija kidogo kwako toka sakafuni, iendelee karibu wima, alafu ijikunje juu ya kichwa. Ukiona imechora upinde mkubwa kwenda mbele, rudi kwenye chaki na nafasi ya kiuno. Ukiona umeruka mbele ukatua mbele ya pale ulipoanza, uzito wako ulikuwa vidoleni. Kuruka nyuma sentimita chache sio tatizo.

Rekebisha kitu kimoja kwa wiki. Kimoja. Mtu akiambiwa mambo matano kati ya seti na seti anachanganyikiwa, chuma kiko hewani sekunde moja tu, kichwa hakiwezi kubeba maagizo matano kwa sekunde moja.

Ratiba

Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa mtu anayefanya kazi. Jumatatu snachi na skwati ya nyuma, Jumatano klini endi jeki na skwati ya mbele, Jumamosi zote mbili. Seti 5 au 6 za mara 2, kwa asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wako, yaani kama snachi yako bora ni 60 basi kazi yako ya kila siku iko kati ya 42 na 48. Ongeza kilo 2 na nusu pale seti zote zimeenda bila kosa kwa wiki mbili. Ukikosa mara mbili mfululizo kwa uzito ule ule shusha, usijaribu ya tatu kwa hasira, maana ile ya tatu ndio inafundisha mwili kukosea.

Chakula sitasema mengi, posho (ugali) na maharage, mayai, mukene (dagaa), karanga, tunavyo vyote na ni chakula cha wanariadha. Kula tu vya kutosha, usije jim na chai kavu toka asubuhi.

Kukosa na mashindano

Jifunze kudondosha kabla hujajifunza kunyanyua kizito. Snachi ikienda mbele sukuma mbele na wewe ruka nyuma, ikienda nyuma achia na wewe ruka mbele. Klini ikishindikana isukume mbele na urudi nyuma haraka. Mtu asisimame nyuma yako kukusaidia, huu sio benchi presi ya kusukuma chuma ukiwa umelala, huyo mtu ataumia. Na watoto wanaopenda kuja kuangalia wakae nje ya mstari, kabisa, hakuna kubembelezana hapo. Mgongo ukikuchoma au maumivu yakiteremka mguuni acha siku hiyo na umwone daktari au mtu wa fiziotherapia.

Ukifika siku ya kupanda jukwaani, lile la mita 4 kwa 4, utapewa majaribio 3 ya snachi na 3 ya klini endi jeki, na kwenye matokeo inahesabiwa bora ya kila moja. Ukiitwa una dakika moja. Anza na uzito ambao ungeunyanyua ata ukiwa umelala vibaya, nimeona watu wenye nguvu kuliko wote ukumbini wakitoka bila matokeo kwa sababu walianza juu wakakosa zote tatu. Mikono ikishanyooka juu isikunjike tena ukaimalizia kwa kusukuma, waamuzi wataona, na wapo watatu, wawili wakikataa imekataliwa. Simama miguu ikiwa sambamba, mmoja usiwe mbele ya mwenzake, tulia, usishushe mpaka upewe ishara. Na ukishapewa ishara usikiachie kikiwa juu ya kichwa kwa furaha, kishike na mikono yote miwili mpaka kipite mabega, ndio uachie.